Ua Lisilotoa Povu

Nchelenge, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Chanda,

Arsenati ni chumvi inayozaliwa pale ambapo aseniki, ikiwa imekwisha kuzungukwa na oksijeni nne, inashikamana na metali. Metali hiyo ikiwa ni kobalti, na maji nayo yakiingia katika muungano huo na kukaa humo kama mwenyeji, si kama mgeni, chumvi hiyo huitwa erithiriti. Wachimbaji huiita ua la kobalti, kwa sababu huchipua juu ya mwamba likiwa jekundu lenye kuelekea waridi, hali mwamba wenyewe chini yake ni wa kijivu na hauna uzuri wowote. Shika maana hii kama ilivyo. Yote nitakayokueleza yametokana na mimi kuwa mzembe nayo.

Umekwenda kuwaaga majirani, na mwanga wa dirishani bado unatosha kuandikia. Sitakuandikia habari za sabuni, blanketi wala vidonge vya malaria. Mzigo umeufunga mwenyewe, na umeufunga vizuri kuliko ambavyo ningeufunga mimi. Barua hii nitakupa asubuhi, nawe utaisoma kabla hatujashuka ufukoni, kwa kuwa mwishoni mwake kuna jambo ambalo huwezi kulitazama isipokuwa kesho.

Unalijua lile jiwe lililokuwa likigandamiza madaftari ya wanafunzi wangu mezani. Mjomba wako Ngoie aliniletea ulipokuwa bado unajifunza kusoma. Alikuwa amelitoa katika shimo la zamani, nyuma ya vilima vya Kilwa, ile ya Katanga, ng'ambo ya ziwa. Alikuwa ameona jambo ambalo mfanyabiashara wa samaki hawezi kulipuuza: mchwa walikuwa wamekula miti yote iliyoegemezwa penye shimo lile, isipokuwa ile iliyogusa ukuta wenye rangi. Akakwangua ukuta, akasaga, akapaka unga ule ndani ya vikapu vyake. Wadudu wanaotoboa samaki wa moshi, wale wanaomrudisha mtu kutoka safarini na kapu la vumbi na miiba, hawakuingia. Lakini mjomba wako si mtu wa kukurupuka. Kabla ya kuendelea alivuka ziwa kuniuliza.

«Mudogo yangu, weye ulifanya kazi kwa laboratware ya bazungu,» aliniambia. «Hii ni kintu gani? Batu banaweza kula samaki yenye ilipita ndani yake?»

Lilikuwa swali zuri kuliko maswali mengi niliyoulizwa na watu wenye digrii. Nami nilimpa jibu la siku moja.

Ili uelewe kosa lenyewe, lazima uelewe jinsi tulivyofundishwa kazi katika maabara ile. Katika Katanga, jiwe la rangi ya waridi ni kabonati: chokaa au dolomiti iliyotiwa rangi na kobalti kidogo. Mawe hayo yalikuwa yakija mezani kwetu kwa matoroli. Tulikuwa tukisaga kipande, tukidondoshea tindikali, na povu likipanda tukiandika «kabonati ya kobalti», kisha tunavuta kipande kinachofuata. Arsenati ya kobalti nilikuwa nimeiona mara moja tu, nyuma ya kioo, katika sanduku la vielelezo vilivyoletwa kutoka mbali. Miamba yetu ina kobalti nyingi na aseniki haba. Kwa hiyo ua lile huku kwetu ni nadra. Na kitu kilicho nadra, mwanangu, macho yaliyozoea hayakitafuti. Mtu aliyesomea nchi nyingine angelitilia shaka jiwe lile mara moja. Mimi niliyeyajua mawe ya kwetu sikulitilia shaka, kwa sababu hiyo hiyo ya kuyajua.

Nilisaga kipande chote. Nikadondosha tindikali. Povu likapanda. Nikamwambia kaka yangu, Yaya kama tuwaitavyo wakubwa wetu, mbele ya baba yako aliyekuwa hai bado: «Ni ndugu wa chokaa, Yaya. Haina neno.» Baba yako, ambaye alikuwa mwalimu wa hesabu na hakupenda majibu ya haraka, aliuliza, «Umejaribu mara ngapi?» Nikamjibu kwamba povu ni povu.

Povu lilikuwa la mwamba uliobeba ua. Ua lenyewe halikusema lolote, kwa kuwa lilikuwa limefunikwa na kelele za jirani yake. Nililijaribu jiwe, sikulijaribu ua.

Sasa sikiliza jinsi ua hilo linavyoumbika, kwa maana utalisoma huko uendako, na watakufundisha mpangilio wake bila kukwambia kwamba mpangilio huo unaweza kukaa katika vikapu vya mtu unayempenda. Ndani ya mwamba, mbali na hewa, kobalti na aseniki hulala pamoja na salfa katika madini mazito ya kijivu yenye mng'aro wa bati. Hapo hayana haraka. Kisha mwamba unapasuka, au mtu anachimba shimo, na mvua inaingia ikiwa imebeba hewa. Oksijeni inaila salfa, inaibadili aseniki kuwa arsenati, na kobalti inayeyuka. Vyote viwili vinashuka na maji katika nyufa, bila rangi ambayo jicho lingeiona. Vinapofika mahali ambapo ukali wa maji umepungua, kwa mfano kwenye ukuta wa dolomiti, vinakutana tena na kutua, sindano kwa sindano, zikitawanyika kutoka kitovu kimoja kama miale. Kwa hiyo ua hili si mzaliwa wa kwanza wa mwamba. Ni la pili. Linahitaji kuharibika kwa kitu cha kwanza, na linahitaji muda, na mara nyingi linahitaji shimo ambalo binadamu amelichimba kisha akaliacha.

Nimeishi nalo mezani miaka hiyo yote. Lililonizindua ni ukucha.

Ilikuwa mwisho wa masika, ulipokuwa ukisubiri barua ya shule ya Lubumbashi. Nilikuwa nikisahihisha daftari la mwanafunzi asiyejua kwamba hajui, na mkono wangu wa kushoto ukawa unachezea jiwe. Ukucha ukaacha mstari. Nikatazama. Nikakwaruza tena, na gamba jembamba likabanduka bapa, likang'aa kama ndani ya kombe la ziwani. Chokaa haikwaruziki kwa ukucha, na dolomiti ni ngumu kuliko chokaa. Nilikuwa nikiwafundisha watoto wa watu jambo hilo kila mwaka, huku jiwe likiwa mbele yangu juu ya madaftari yao.

Safari hii nilitenganisha. Nilikwangua ua peke yake kwa wembe, nikalidondoshea tindikali. Liliyeyuka kimya, bila kiputo hata kimoja, na tindikali ikageuka rangi ya waridi. Nikaweka chembe nyingine kwenye bati juu ya mbabula, jiko letu la makaa, uani. Ilipopoteza maji yake rangi ilihama, ikawa ya buluu. Nikaisukuma juu ya kaa lenyewe, nikasimama upande unaotoka upepo, na harufu ikanifikia hata hivyo: kitunguu saumu. Hakuna aliyekuwa akipika. Unakumbuka uliporudi kutoka kisimani ukauliza, «Mama, leo tunakula nini kizuri?» Nilikwambia kwamba ni ya jirani. Huo ulikuwa uongo mdogo, na nautaja kwa sababu wewe ni mtu wa kukumbuka harufu.

Juma lililofuata nilikwenda Kabuta, soko la samaki la upande wetu, ambako mjomba wako alikuwa ameshusha mzigo. Alikuwa amesimama katikati ya vikapu vyake, na mwenye baiskeli mmoja wa kupeleka samaki bara alikuwa akifunga mzigo kwa mpira wa tairi.

«Sitwayene Mwalimu!» mjomba wako aliniita, kwa ile dhihaka yake ya kutuita raia, kwa vyeo vya serikali ya kwao. «Leo umekuja kunipima mimi ama kupima samaki?»

«Yaya, ile poda nilikuambia vibaya.»

«Vibaya namna gani? Ulisema ni ndugu ya chokaa.»

«Niliipima pamoja na jiwe lake. Poda yenyewe ni sumu. Ni aseniki.»

Mwenye baiskeli aliacha kufunga. «Sumu?» akasema. «Basi bakliya yangu ba Kawambwa, benye banakula hii samaki, ni mizimu, Mama. Na mizimu inalipa vizuri kuliko batu!»

Wote waliokuwa karibu walicheka, na kaka yangu akacheka kuwapita. Akaninyoshea viganja vyake vyote viwili, kama mtoto anayeonyesha kwamba amenawa. «Bon. Angalia. Ni hii mikono inapaka poda, kila juma, bila ganda ya kuvaa mikononi. Nimekufa?»

Nilitazama. Katikati ya viganja, si chini ya vidole tu, palikuwa na vijipele vigumu, vidogo, vikavu, kama punje za mahindi zilizobaki chini ya ngozi.

«Na hizi?» nilimwuliza.

«Hizi ni kafi ya mashua. Siyo bote banashika chaki.»

Huko Katanga palikuwa na mzee mmoja wa tanuri la kuchomea madini, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa karibu na moshi kuliko wengine. Daktari alikuja siku moja, akamgeuza viganja, kisha akamvua viatu. Sikuelewa wakati ule kwa nini daktari anatazama nyayo za mtu anayelalamika tumbo. Viganja na nyayo vilikuwa na punje zile zile. Baadaye tulisikia kwamba ni aseniki ya ule moshi. Yule mzee alihamishiwa bustanini, na hakuona hata maembe ya mwaka uliofuata.

Mjomba wako alinishika mkono, tukasogea hadi penye maji, na kicheko chake kilibaki nyuma pamoja na watu.

«Mudogo yangu,» alisema polepole, «ukirudilia hii maneno mbele ya batu, hakuna mutu atanunua kwangu. Na kama habanunue, nani atalipa masomo ya mutoto? Miye ni mujomba yake. Alikuwa mutoto wangu mbele ya kuwa wako.»

«Tumia chumvi, Yaya. Ongeza moshi.»

«Chumvi iko wapi? Weye uliniambia haina neno. Nilikuamini. Sasa uniambie nani nimuamini, weye wa zamani ama weye wa leo?»

Usidhani alinitisha. Alinieleza mambo yalivyo, na alikuwa sahihi. Kwetu, na hapa kwa watu wa baba yako pia, mjomba hamsaidii mtoto wa dada yake kwa huruma. Yeye ndiye mwenye mtoto. Aliyekununulia sare ya kwanza ni yeye. Aliyekwenda Lubumbashi kuketi kwenye mabenchi ya maofisi hadi jina lako likaandikwa ni yeye. Kifaransa nilikufundisha mimi, mezani hapa, lakini mafuta ya taa tuliyosomea yalivuka ziwa katika mashua yake. Na mwanamke anayesimama sokoni kumnenea vibaya kaka yake wa tumbo moja hasikilizwi kama mwalimu wa kemia. Anasikilizwa kama dada mwenye kinyongo.

Niliyafikiri hayo yote kwa uangalifu, nikanyamaza. Hapa ndipo nataka uwe makini, kwa sababu mimi sikuwa. Kosa la kwanza lilikuwa la mkono wenye mazoea, na mkono naweza kuusamehe. Lakini tangu mwisho wa masika sikuwa na mazoea wala giza. Nilikuwa na majibu matatu yanayokubaliana: ukucha, tindikali, moto. Nilisema mara moja, nikachekwa, nikajiambia kwamba nimesema. Kisha nikaingoja barua ya shule yako. Ilipofika, nikangoja tarehe ya safari. Kila juma vikapu viliondoka Kabuta juu ya baiskeli, nami nilikuwa nikihesabu kwamba ua la kobalti haliyeyuki katika maji, kwamba shimo la Kilwa lina chemchemi na ng'ombe wanainywa, kwamba unga unakaa kwenye kapu na si wote unaomfikia samaki, kwamba mpishi huosha. Kila hoja ilikuwa ya kweli. Nilizipanga kama mtu anayejenga ukuta upande usio na upepo.

Kwa maana upande wa upepo ni huu: haliyeyuki katika maji, linayeyuka katika tindikali. Nimeliona likiyeyuka, kimya, mbele ya macho yangu. Na tumbo la binadamu si ziwa. Tumbo ni tindikali.

Umenisikia mara nyingi nikiwaambia wanafunzi wapime tena. Leo sina hakika kwamba huo ndio ushauri. Nilipopima tena nilipata ukweli, na ukweli ulikaa mezani kwangu miezi kadhaa ukigandamiza madaftari kama jiwe lilivyofanya kabla yake. Labda la kukwambia ni hili tu: jihadhari na hoja ya kweli inayokuja wakati unapoihitaji. Jiulize ni nani aliyeituma. Mimi nimechoka, Chanda, wala si kwa kazi; nimechoka kwa kuwa sahihi kwa vipande vipande.

Kwa hiyo nimeamua, na sikukuuliza, kwa sababu ningekuuliza ungekuwa umebeba sehemu ya jibu. Kesho, mashua ikishapotea machoni, sitarudi nyumbani. Nitakwenda Kabuta na jiwe, chupa ya tindikali na mbabula. Nitaweka chokaa upande mmoja na ua upande wa pili, na wanawake wanaonunua samaki wataona kinachotoa povu na kisichotoa, na watanusa wenyewe, kwa mbali. Sitalitaja jina la kaka yangu. Watalijua. Kutoka hapo nitapita Kafutuma, nimwombe mganga wa kituo cha afya awatazame wanaokula sana samaki hao, na aniambie kama ninakosea. Ningefurahi kukosea. Kaka yangu nimekwisha mwambia, leo asubuhi, alipokuja kupanga safari yako. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, «Bon. Mutoto atavuka kesho vilevile. Maneno ya batu bazima isimufunge mutoto,» akaomba maji ya kunywa.

Kama ada yako ikikatika kabla ya muhula wa pili, kama ukirudishwa huku na sanduku lako, usimtafute mwenye kosa nyumbani kwa mjomba wako. Ni mimi niliyekurudisha. Na kama hatakukatia ada, kama ataendelea kukulipia kwa samaki wachache waliobaki huku akinunua chumvi ghali, basi ujue unasomeshwa na mtu aliyeaibishwa na mama yako, na ukae darasani kama mtu anayejua hivyo. Chakula chake ukile, kile cha nyumbani kilichopikwa na mkewe siku ile ile. Kilichotoka kapuni, mwambie wazi kwa nini hukili. Atakukasirikia. Kisha atakuheshimu.

Limebaki lile jambo la kesho.

Punje za viganja vya kaka yangu nimeziona. Yeye asema ni kafi, na sina haki ya kumkatalia: amevuta kafi tangu utoto, na hata sasa, mashua ikiwa na mota, huingia na kutoka bandarini kwa kafi ili kuokoa mafuta. Kafi huweza kuufanya mkono wa mtu mwamba. Lakini kafi haishikwi kwa nyayo. Mtu akiwa na punje zile viganjani tu, yawezekana ni kazi yake. Akiwa nazo nyayoni pia, mtu ambaye huvaa viatu tangu alipoanza kupata fedha, mimi najua jina la sumu iliyomfikia, nawe sasa unalijua. Alikuja asubuhi na viatu, akaondoka na viatu, nami nilikosa ujasiri wa kumwambia kaka yangu mkubwa avue.

Kesho atavua mwenyewe. Ataisukuma mashua hadi maji yafike magotini, kisha ataruka na kuketi ukingoni, kama afanyavyo siku zote, miguu ikitazama nje ili ikauke. Mimi nitakuwa ufukoni, na atakuwa amenipa mgongo. Wewe utakuwa umeketi nyuma, karibu na mota, na atageuka kukusemesha, nyayo zake zikikuelekea. Jua litakuwa limepanda. Tazama bila kumwaibisha, na usikimbilie jibu. Kisha nyosha mkono wako juu niuone kutoka nchi kavu, ukiwa wazi kama ni ngozi tu, ukiwa umekunjwa kama ni zile punje.

Nitasimama pale nikitazama. Mwanangu, mkono wako utakuwa umekunjwa au utakuwa wazi?